Adui Aliyejificha Tumboni: Minyoo ya Farasi na Punda

Wahenga walinena, "Kikulacho ki nguoni mwako." Watu wamezoea kuitumia methali hii katika habari za ndugu na jirani, lakini mfuga farasi au punda angeweza kuitumia kila siku katika habari za mnyama wake. Maana adui ammalizaye mnyama huyo aghalabu si chui, wala fisi, wala mwizi wa usiku. Ni minyoo iliyomo tumboni mwake, ambayo hula chakula chake na damu yake pole pole bila kelele, hata siku moja mwenye mali aamke na kumkuta mnyama yu chini, anagaagaa, ametokwa na jasho, anageuza kichwa mara kwa mara kuutazama ubavu wake. Ugonjwa huo wa tumbo kusokota una sababu nyingi, na minyoo ni mojawapo ya zile zijulikanazo tangu zamani.

Katika Kenya farasi si wengi. Mbung'o katika nchi za chini, pamoja na maradhi ya farasi yaenezwayo na usubi wakati wa mvua, vilimzuia mnyama huyo asienee kama alivyoenea ng'ombe. Huonekana zaidi katika mashamba ya nyanda za juu, na katika Uwanja wa Ngong mjini Nairobi, ambako mashindano ya mbio za farasi yalihamia mwaka 1954. Lakini punda ni jambo jingine. Punda ndiye lori la mtu asiye na lori. Hubeba maji, kuni, mchanga, maziwa na magunia ya mavuno, na katika vichochoro vya mji wa Lamu, ambamo gari haliwezi kupita, yeye ndiye mchukuzi tangu karne na karne. Hesabu ya watu na mifugo ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba Kenya ilikuwa na punda zaidi ya milioni 1.8. Ile ya mwaka 2019 ilionyesha kama milioni 1.2 tu, kwa kuwa katikati yake machinjio yalifunguliwa kwa ajili ya biashara ya ngozi na punda wengi wakachinjwa au wakaibwa. Punda aliyebaki, basi, ni mali iliyo ghali kuliko zamani, na yampasa mwenyewe kujua ni kitu gani kinachomla kwa ndani. Na kwa kuwa farasi na punda ni wa jamaa moja, karibu minyoo yote imwinguayo mmoja humwingia na mwenziwe.

AINA ZA MINYOO

Watu husema "minyoo" kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo. Kuna aina nyingi, na kila moja ina mahali pake, umri wake na madhara yake.

Iliyoogopwa kuliko yote ni ile ambayo wataalamu huiita strongili wakubwa. Mmoja wao hujulikana kwa jina la mnyoo wa damu. Kwa umbo ni mdogo, urefu wake haupiti sentimeta mbili na nusu au karibu na hapo, lakini safari yake ni ya ajabu. Mnyoo jike akaaye katika utumbo mpana hutaga mayai, nayo hutoka pamoja na mavi. Mahali penye joto na unyevu mayai huanguliwa, na baada ya siku kadhaa viluwiluwi hupanda juu ya majani ya nyasi kwa umande na kungoja. Farasi alapo nyasi huvimeza. Vikiisha kufika tumboni hupenya ukuta wa utumbo, huingia katika mishipa ya damu, na kupanda ndani ya mishipa hiyo mpaka kwenye mshipa mkuu upelekao damu matumboni. Hapo hukaa miezi kama minne, vikiukwaruza mshipa kwa ndani hata ukavimba na damu ikaganda. Kisha hurudi utumboni kuwa minyoo mizima na kutaga mayai. Tangu kumezwa hata kutaga ni miezi sita au saba. Ikiwa donge la damu litabanduka na kuziba mshipa mdogo, sehemu ya utumbo hukosa damu na kufa, na mnyama naye hufa kwa maumivu makali.

Strongili wadogo ni aina zaidi ya 40. Hawa hawasafiri katika mishipa ya damu. Viluwiluwi vyao huingia katika ukuta wa utumbo mpana, hujizungushia ngozi nyembamba kama mbegu ndani ya ganda, na kulala humo kwa miezi, pengine hata zaidi ya miaka miwili. Wakati huo farasi huweza kuonekana mzima kabisa, na mavi yake yakipimwa hayaonyeshi mayai mengi, kwani viluwiluwi havitagi. Ikatokea kwamba vyote vimeamka kwa pamoja na kutoka kwa maelfu, ukuta wa utumbo hujaa majeraha, mnyama huharisha, hukonda kwa siku chache, na hata akitibiwa huenda asipone. Ugonjwa huo huwapata zaidi farasi vijana.

Watoto wa farasi na punda wana adui wao wa pekee: mnyoo mweupe mnene, mviringo, ambao huweza kufikia urefu wa sentimeta 50. Jike mmoja huweza kutaga mayai kwa maelfu mengi sana kila siku, na mayai hayo yana ganda gumu lenye kunata, yakakaa katika udongo na kwenye kuta za banda kwa miaka bila kufa. Mtoto akiyameza, viluwiluwi hupita kwenye ini, huingia mapafuni, hukoholewa na kumezwa tena, ndipo vikakua katika utumbo mwembamba. Ndiyo sababu mtoto huyo hukohoa, pua yake hutoka kamasi, nywele zake husimama, na tumbo lake huwa kubwa huku mbavu zikionekana. Minyoo ikizidi huweza kuuziba utumbo kama tambara ndani ya bomba. Mnyama akipita umri wa mwaka mmoja na nusu hivi, mwili wake hujifunza kuifukuza, na mara chache tu huonekana kwa mkubwa.

Tena kuna tegu, minyoo bapa, ambayo hukusanyika mahali utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana. Mayai yake hayamwambukizi farasi moja kwa moja, bali humezwa kwanza na vidudu vidogo mno vikaavyo katika nyasi, na farasi humeza vidudu hivyo pamoja na majani. Kuna pia minyoo myembamba itagayo mayai nje, kuzunguka mkundu, ikamfanya mnyama ajisugue matako ukutani hata nywele za mkia zikanyonyoka. Na katika mapafu ya punda kuna minyoo ambayo punda huichukua bila kukohoa, lakini farasi akichungwa naye pamoja huipata, na yeye hukohoa kwa muda mrefu. Mwenye wanyama wa aina zote mbili asisahau jambo hilo.

Yafaa kutaja hapa funza wa tumboni, ambao watu wengi huwaita minyoo. Hao si minyoo; ni watoto wa nzi. Nzi huyo hubandika mayai madogo ya manjano kwenye nywele za miguu na mabega, farasi hujilamba na kuyameza, na funza hujishikiza tumboni kwa miezi mingi. Mayai hayo yaonekana kwa macho, na yaweza kukwanguliwa kwa kisu butu kabla hayajamezwa.

DAWA ILIVYOPATIKANA

Katika miaka ya 1940 dawa iliyotumika sana ilikuwa fenothiazini. Mwaka 1961 ilitokea thiabendazoli, ambayo ilikuwa bora zaidi na salama kwa mnyama. Kisha, mwaka 1966, wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Kentucky katika Marekani, J. H. Drudge na E. T. Lyons, walitangaza mpango ulio rahisi: kila farasi apewe dawa kila baada ya majuma sita hadi nane, mwaka mzima. Shabaha yao ilikuwa mnyoo wa damu. Kwa kuwa mnyoo huo huhitaji miezi sita au zaidi kabla ya kutaga, waliona kwamba ukipigwa mara kwa mara hautapata nafasi ya kueneza mayai.

Mpango ule ulifaulu. Katika mashamba yaliyoufuata, mnyoo wa damu ambao zamani ulikuwa karibu katika kila farasi ukawa nadra. Wenye farasi wakafurahi, na desturi ya kutoa dawa kila miezi miwili ikaenea ulimwenguni kote, ikarithiwa na watoto kutoka kwa baba zao.

Dawa iliyopata sifa kuu kupita zote ni ivermektini, na habari zake zastahili kusimuliwa. Katika miaka ya 1970 mwanachuoni wa Kijapani aitwaye Satoshi Ōmura, wa Taasisi ya Kitasato mjini Tokyo, alikuwa na desturi ya kukusanya udongo kutoka mahali mbalimbali ili atafute vijidudu vyenye kutoa dawa. Udongo mmoja aliuchukua karibu na uwanja wa gofu huko Kawana, katika mji wa Ito. Kijidudu kilichopatikana humo kilipelekwa Marekani, katika kampuni ya Merck, ambako William Campbell, mzaliwa wa Ailandi, pamoja na wenzake walikijaribu kwa panya wenye minyoo. Panya wakapona. Kutokana na kijidudu hicho ikatengenezwa ivermektini, na mwaka 1981 ikaanza kuuzwa kwa matumizi ya wanyama.

Farasi alichangia jambo kubwa katika habari hii. Wakati dawa hiyo ilipokuwa ikijaribiwa, ilionekana kwamba huua viluwiluwi vya aina fulani ya mnyoo vikaavyo katika ngozi ya farasi. Mnyoo huo ni ndugu wa mnyoo ule uletao upofu wa mtoni kwa binadamu, ugonjwa uenezwao na nzi wadogo weusi wa kandokando ya mito. Campbell akatambua maana yake. Mwaka 1981 majaribio kwa watu yalianza nchini Senegal chini ya uongozi wa Daktari Mohammed Aziz, na mwaka 1987 kampuni ilitangaza kwamba itaitoa dawa bure kwa wote wanaoihitaji kwa ugonjwa huo. Katika Kenya upofu wa mtoni ulikuwa umekwisha kushindwa kwa njia nyingine: katika miaka ya 1940 na 1950 mito ya Nyanza, ikianza na bonde la Kodera, ilitiwa dawa ya DDT hata nzi yule akatoweka. Lakini katika nchi nyingine nyingi za Afrika mamilioni ya watu waliokolewa macho yao kwa dawa ambayo faida yake ilitambuliwa katika ngozi ya farasi. Mwaka 2015 Ōmura na Campbell walipewa Tuzo ya Nobel.

Mwaka huo huo wa 1987, shirika la Kiingereza lilinde punda, lililoanzishwa na Bibi Elisabeth Svendsen, lilifungua kliniki ya punda mjini Lamu. Dawa ya minyoo ilikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza waliyoletewa punda wa kisiwa hicho.

DAWA INAPOSHINDWA

Hata hivyo, desturi ya kutoa dawa kila miezi miwili ilikuwa na ubaya uliojificha ndani yake, kama minyoo yenyewe. Katika kila kundi la minyoo huwamo michache ambayo kwa maumbile yake haidhuriwi na dawa. Dawa ikitolewa, iliyo dhaifu hufa, na hiyo michache hubaki peke yake, ikazaana. Dawa ikirudiwa na kurudiwa, baada ya miaka karibu minyoo yote ya shamba hilo huwa ni uzao wa ile iliyosalimika. Ni kama mkulima ambaye kila msimu hung'oa magugu yote mepesi na kuyaacha yale yenye mizizi mirefu yatoe mbegu. Hatimaye atavuna nini ila magugu yasiyong'oleka?

Ndivyo ilivyokuwa. Miaka michache tu baada ya thiabendazoli kutokea, strongili wadogo wa huko Kentucky walionekana hawaijali tena. Siku hizi dawa za jamii hiyo, pamoja na fenbendazoli itumikayo sana, zimepoteza nguvu juu ya strongili wadogo katika nchi nyingi. Mwaka 2002 ilitangazwa nchini Uholanzi kwamba minyoo mikubwa myeupe ya watoto wa farasi ilikuwa imeizoea ivermektini, na tangu hapo habari kama hiyo imetoka katika nchi nyingine kadha wa kadha.

Jambo hili ni zito kwa sababu akiba ya dawa ni ndogo. Makundi makubwa ya dawa za minyoo mviringo ya farasi ni matatu tu: jamii ya fenbendazoli, pairanteli, na jamii ya ivermektini pamoja na moksidektini. Kwa tegu iko prazikwanteli. Tangu ivermektini ilipotokea hakuna kundi jipya lililoletwa kwa ajili ya minyoo mviringo ya farasi. Mtu asitumaini, basi, kwamba akiharibu dawa hii atanunua nyingine dukani kesho.

Nchi ya Denmark ilikuwa ya kwanza kuchukua hatua kali. Mwaka 1999 ilikatazwa huko kuuza dawa za minyoo bila cheti cha daktari wa wanyama, na daktari hakuruhusiwa kuandika cheti kabla mnyama hajapimwa. Watu wengi wakaanza kuwatibu farasi wale tu wenye mayai mengi katika mavi. Kwa njia hiyo dawa nyingi ziliokolewa. Lakini kulikuwa na somo la pili. Wataalamu walipochunguza baadaye, waliona kwamba mnyoo wa damu, ule adui wa zamani uliokuwa karibu kusahauliwa, ulipatikana zaidi katika mashamba yaliyotibu kwa kuchagua tu. Kwa hiyo kuzidisha dawa ni kosa, na kuiacha kabisa ni kosa vile vile.

KUHESABU MAYAI

Njia ya katikati ni kupima kwanza. Mwaka 1939 wataalamu wawili wa maabara ya McMaster huko Sydney, Australia, Gordon na Whitlock, walieleza namna ya kuhesabu mayai ya minyoo ya kondoo kwa kioo maalum chenye vyumba viwili vilivyochorwa mistari. Njia hiyo hutumika hata leo kwa wanyama wengi, na haihitaji mitambo ya gharama kubwa. Hupimwa gramu 4 za mavi mabichi, zikakorogwa katika mililita 56 za maji yaliyojaa chumvi hata hayawezi kuyeyusha zaidi, zikachujwa, na maji yake yakatiwa katika vile vyumba viwili. Mayai, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji ya chumvi, huelea juu. Baada ya dakika chache huhesabiwa kwa hadubini, na hesabu ikizidishwa kwa 50 hutoa idadi ya mayai katika kila gramu moja ya mavi. Farasi mwenye mayai chini ya 200 huhesabiwa kuwa anatoa machache. Wa kati ya 200 na 500 ni wa kadiri. Apitaye 500 ndiye mwenezaji mkubwa.

Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalitazamii. Katika kundi la farasi wakubwa, kama asilimia 20 yao hutoa kama asilimia 80 ya mayai yote. Yaani mtu mwenye farasi kumi, wawili tu ndio wanaochafua malisho ya wenzao wote. Akiwatambua hao wawili na kuwatibu, amefanya kazi kubwa kwa gharama ndogo.

Kipimo hicho hutumika pia kuijaribu dawa yenyewe. Mavi hupimwa siku dawa inapotolewa, kisha hupimwa tena baada ya siku 14. Ikiwa mayai hayakupungua sana, dawa hiyo imeshindwa katika shamba hilo, hata kama karatasi ya dukani yaisifu vipi.

Lakini msomaji akumbuke kwamba mayai ni habari ya minyoo mizima tu. Viluwiluwi vilivyolala katika ukuta wa utumbo, au vilivyomo safarini katika mishipa, havionekani kwa kipimo hiki. Farasi aliyekonda na kuharisha asiachwe kwa sababu hesabu yake ni ndogo. Aonwe na daktari.

YAMPASAYO MFUGAJI

Ushauri wa Chama cha Madaktari wa Farasi cha Marekani, ambao wengi huufuata, ni kwamba kila farasi mkubwa apewe dawa mara moja au mbili kwa mwaka ili kumzuia mnyoo wa damu na tegu, na dawa zaidi ya hapo wapewe wale tu wenye mayai mengi. Watoto wana mpango wao, kwa kuwa hawajapata kinga mwilini, na mpango huo upangwe na daktari wa mifugo. Mtoto aliyejaa minyoo mikubwa meupe asipewe dawa kali kwa pupa, maana minyoo mingi ikifa kwa mara moja huweza kuuziba utumbo na kumwua mtoto ambaye dawa ilikusudiwa kumponya.

Kipimo cha dawa kifuate uzito wa mnyama. Kukisia kwa macho hudanganya, na dawa pungufu ndiyo shule ya minyoo. Hujifunzia humo kuishi. Asiye na mizani ya mifugo na atumie kamba ya kupimia. Farasi hupimwa mzingo wa kifua, nyuma ya miguu ya mbele, kwa sentimeta. Hesabu hiyo huzidishwa kwa yenyewe, ikazidishwa kwa urefu wa mwili tangu ncha ya bega hata ncha ya tako, kisha ikagawanywa kwa 11,900. Farasi mwenye mzingo wa sentimeta 180 na urefu wa sentimeta 165 huwa na kilo 449 hivi. Punda ana umbo jingine, hivyo kwake itafutwe hesabu iliyowekwa kwa ajili ya punda. Wala dawa ya sindano iliyotengenezwa kwa ng'ombe isipigwe farasi au punda bila amri ya daktari.

Lakini dawa ni nusu ya kazi, pengine chini ya nusu. Nusu iliyobaki ni sepetu na toroli. Viluwiluwi havitoki mbinguni. Vyatoka katika mavi. Mavi yakiondolewa malishoni mara mbili kwa juma, mayai huondoka kabla ya kuanguliwa na kupanda majanini. Farasi kwa tabia yake hapendi kula karibu na mavi yake, hata katika malisho yaliyoachwa machafu sehemu kubwa ya nyasi huwa ndefu na hailiwi; kwa hiyo mtu aondoaye mavi hupata na malisho zaidi. Mavi hayo yasimwagwe mabichi juu ya nyasi, bali yarundikwe yaoze vizuri. Joto la rundo huua mayai na viluwiluwi, na mbolea ikipatikana huenda shambani kwa faida.

Asiye na malisho mapana asiwajaze wanyama wengi mahali pamoja. Ng'ombe na kondoo wakifuatishwa nyuma ya farasi husaidia kusafisha, kwa kuwa minyoo mingi ya farasi haiwezi kuishi matumboni mwao, nao huimeza na kuimaliza. Malisho yasitawanywe mavi kwa haro wakati wa mvua, maana hiyo ni sawa na kupanda minyoo kwa mkono. Kazi hiyo ifanywe wakati wa jua kali na ukavu, ambapo viluwiluwi hukauka na kufa. Chakula cha banda kiwekwe katika hori, kisimwagwe sakafuni, na kuta za banda la watoto zisuguliwe na kuoshwa vema. Mnyama mgeni aliyenunuliwa sokoni asichanganywe na wenzake siku ile ile. Atengwe, apimwe, atibiwe, kisha apimwe tena.

Ushauri mmoja wa zamani umegeuzwa. Zamani watu waliambiwa: toa dawa, halafu uwahamishe wanyama mara moja kwenye malisho mapya. Leo imeonekana kwamba wakifanya hivyo, minyoo pekee itakayoanza makao katika malisho hayo safi ni ile iliyoshinda dawa. Ni heri baadhi ya wanyama wasio na mayai mengi waachwe bila dawa, ili minyoo iliyo dhaifu iendelee kuwapo na kuchanganyika na ile iliyo sugu, nguvu ya dawa isiishe upesi.

Huenda mwenye punda mmoja wa mkokoteni akasoma haya yote na kusema kwamba ni mambo ya matajiri wa mashindano. Ahesabu tena. Farasi wa mbio akiugua, mwenyewe atakosa kikombe. Punda akiugua, maji hayatafika nyumbani, maziwa hayatafika barabarani, na karo ya mtoto haitapatikana mwezi huo. Mwenye punda hana haja ya kununua dawa kila mwezi. Ana haja ya kumtazama mnyama wake: nywele zake, mbavu zake, mavi yake, mkia wake, kuzoa mavi kila siku mahali punda anapolala, na kupeleka mavi kidogo katika mfuko safi kwa daktari wa mifugo kabla ya kwenda dukani kununua dawa. Mfuko huo ni rahisi kuliko dawa isiyofaa, na dawa isiyofaa ni rahisi kuliko punda mwingine.